Macho ya Watu Wengine: Habari za Mwaka 1667

(Soma: Yeremia 36, Warumi 16:22)

 

Asubuhi ya leo twataka kuwapeleka mbali kidogo, mpaka mji wa London katika mwaka 1667. Huenda mtauliza, "Mchungaji, sisi na London ya zamani hivyo tuna nini?" Subirini kidogo. Tulipokuwa katika chuo cha theolojia tulipewa kusoma shairi moja refu la Kiingereza, nasi tukalisoma jinsi wanafunzi wasomavyo, yaani kwa ajili ya mtihani. Jina lake ni Paradise Lost, maana yake Paradiso Iliyopotea. Tulijifunza jina la mtungaji, John Milton, na mwaka shairi lilipopigwa chapa. Tulijua pia ya kuwa mtu huyo alikuwa kipofu. Lakini hatukujiuliza swali lililo wazi kabisa: kipofu aliandikaje mistari zaidi ya 10,000? Kalamu ilikuwa mkononi mwa nani? Swali hilo ndilo tutakalolifuata leo.

Mji wa majivu

London ya mwaka 1667 ilikuwa mji ulioumia. Mwaka 1665 tauni iliua watu zaidi ya 68,000, kwa hesabu ya orodha za vifo za mji wenyewe. Kabla watu hawajamaliza kulia, mwezi wa Septemba 1666 moto ulianza katika nyumba ya mwoka mikate, ukawaka siku nne. Uliteketeza nyumba zipatazo 13,200, na makanisa ya mitaa 87, pamoja na kanisa kuu la St Paul's.

Kulizunguka kanisa kuu hilo palikuwa na maduka ya vitabu. Wenye maduka walipoona moto waja, walibeba mali yao mbiombio wakaiweka katika kanisa dogo la St Faith's, lililokuwa chini ya sakafu ya kanisa kuu. Waliamini kuta zile nene za mawe zitavihifadhi vitabu. Lakini paa la kanisa kuu lilianguka, moto ukapenya mpaka chini, na vitabu vyote vikawa kuni. Bwana mmoja aitwaye John Evelyn, aliyekuwa akiandika habari za kila siku, asema viliendelea kuungua kwa muda wa juma zima. Mwenzake Samuel Pepys, ofisa katika idara ya jeshi la majini, aliandika kwamba hasara ya vitabu ilipita pauni 150,000. Muuzaji wake mwenyewe wa vitabu, Bwana Kirton, alifilisika kabisa. Mwezi wa Novemba 1667 Pepys akaandika kwamba maskini Kirton amekufa, naye aliamini ni kwa huzuni ya hasara ile.

Basi vitabu vikawa adimu, na bei ikapanda. Tarehe 8 Aprili 1667 Pepys alinunua kitabu cha Paul Rycaut juu ya utawala wa Waturuki, kilichojalidiwa vizuri na picha zake kutiwa rangi. Alilipa shilingi 55. Kabla ya moto, asema, kitabu cha namna hiyo kiliuzwa shilingi 20. Ndugu msikilizaji, ishike hesabu hiyo ya shilingi 55, maana tutaihitaji baada ya muda mfupi. Na ukumbuke kwamba wakati ule shilingi 20 zilifanya pauni moja.

Hata hivyo waandishi hawakunyamaza. Mwanzoni mwa mwaka ule John Dryden alitoa shairi lake Annus Mirabilis, akiisifu London iliyostahimili vita na moto. Mwaka uliofuata akapewa cheo cha kuwa malenga wa mfalme. Thomas Sprat alitoa historia ya Royal Society, chama cha wataalamu wa elimu ya maumbile, akiwahimiza watu waandike kwa maneno mepesi yasiyo na madoido. Tarehe 30 Mei mwanamke mwandishi, Margaret Cavendish, mke wa mtawala wa Newcastle, alikitembelea chama hicho na kuonyeshwa majaribio yao. Alikuwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka huo huo alitoa kitabu cha maisha ya mumewe. Lakini kuonyeshwa ni jambo moja, na kukaribishwa kuketi ni jambo jingine. Chama kile hakikuwapokea wanawake kuwa wanachama mpaka mwaka 1945. Na jambo hilo pia tulishike, maana tutalirudia tutakapofika nyumbani kwa Milton.

Mzee aliyeshindwa

John Milton alizaliwa London mwaka 1608. Alisoma sana tangu utotoni, usiku mpaka saa sita, na macho yake yakaanza kudhoofu mapema. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alisimama upande wa Bunge dhidi ya mfalme. Mfalme Charles wa Kwanza alipokatwa kichwa mwaka 1649, Milton aliitetea hukumu ile kwa vitabu, akawa katibu wa serikali mpya kwa barua za lugha za kigeni. Kufika mwaka 1652 alikuwa kipofu kabisa, naye hajatimiza miaka 44. Mwaka huo huo mkewe alifariki baada ya kujifungua, akamwachia mabinti watatu: Anne, Mary, na Deborah aliyekuwa mchanga.

Kisha mwaka 1660 ufalme ukarudishwa. Yote aliyoyapigania Milton yakaanguka. Vitabu vyake vilichomwa hadharani kwa amri ya serikali, mwenyewe akatiwa gerezani, na watu wengi walidhani atanyongwa. Aliachiliwa mwezi wa Desemba. Ule moto wa 1666 ukamaliza nyumba yake ya Bread Street, ile aliyozaliwa ndani yake. Mtu huyo, kipofu, aliyeshindwa katika siasa, asiye na mali ya kutosha, ndiye aliyekuwa akitunga kichwani mwake shairi juu ya Adamu na Hawa na kuanguka kwao.

Sasa tuingie nyumbani mwake tuone kazi ilivyofanywa. Milton alitunga usiku na alfajiri, akiishika mistari moyoni. Kulipokucha alihitaji mtu wa kumwandikia imla. Mwandishi wa maisha yake aliyemjua asema kwamba mwandikaji akichelewa, mzee alilalamika akisema anataka kukamuliwa. Ninyi wafugaji mnalielewa neno hilo kuliko maprofesa. Mwajua ng'ombe aliyejaa maziwa anavyohangaika zizini wakati mkamuaji hajafika.

Wakamuaji walikuwa wengi. Yeyote aliyepita na kujua kuandika aliombwa ashike kalamu. Mpwa wake, Edward Phillips, alikuwa akija mara kwa mara kuikagua mistari, kumi, ishirini, au thelathini kwa wakati mmoja, na kusahihisha tahajia na vituo, kwa sababu mikono ilikuwa mbalimbali. Kijana mmoja wa madhehebu ya Wakweka, Thomas Ellwood, alikuwa amekuja mwaka 1662 kumsomea Kilatini alasiri, ili naye apate elimu. Tauni ilipoingia mwaka 1665, Ellwood ndiye aliyemtafutia mzee nyumba ya kukimbilia kijijini Chalfont St Giles. Milton alipofika huko hakumkuta, maana Ellwood mwenyewe alikuwa ametiwa gerezani kwa ajili ya imani yake. Alipotoka, mzee alimpa shairi zima akalisome. Basi mmoja wa wasomaji wa kwanza wa shairi lile alikuwa kijana aliyetoka kifungoni.

Pauni tano

Tarehe 27 Aprili 1667 Milton alitia mkataba na mpiga chapa Samuel Simmons wa Aldersgate Street. Mkataba huo ungalipo hata leo. Simmons alimpa pauni 5 papo hapo. Nakala 1,300 zikiisha kuuzwa angemwongeza pauni 5, na kadhalika kwa toleo la pili na la tatu. Sasa turudie hesabu yetu. Kitabu kimoja cha fahari cha Pepys kiligharimu shilingi 55. Pauni 5 ni shilingi 100. Kwa fedha aliyolipwa siku ile, Milton asingeweza kununua hata nakala mbili za kitabu kile! Pauni 5 nyingine alizipata mwaka 1669. Alikufa mwaka 1674, na mwaka 1680 mjane wake, Elizabeth, aliuza haki zote zilizobaki kwa pauni 8. Jumla ni pauni 18.

Lakini kabla ya kupigwa chapa, kitabu kilipaswa kupata kibali. Sheria ya mwaka 1662 ilitaka hivyo. Na hapa, ndugu zangu, sisi Waanglikana tusikilize kwa unyenyekevu, maana mwenye kalamu ya kibali alikuwa kasisi wetu, Thomas Tomkyns, aliyemhudumia Askofu Mkuu wa Canterbury. Milton alikuwa amewashambulia maaskofu kwa maneno makali sana. Tomkyns angeweza kulizuia shairi na asiulizwe na mtu. John Toland, aliyeandika maisha ya Milton mwaka 1698, asema kasisi huyo alitilia shaka mistari fulani katika sehemu ya kwanza inayotaja kupatwa kwa jua na hofu ya wafalme, akidhani ndani yake mna uasi. Hata hivyo kibali kilitolewa. Tarehe 20 Agosti 1667 kitabu kikaandikwa katika daftari la wapiga chapa. Mtu asiyempenda mtungaji aliiachia kazi ipite. Nasi twamshukuru Mungu kwa ajili ya kasisi huyo.

Lakini tusijisifu upesi. Katika mwaka huo huo John Bunyan alikuwa ndani ya gereza la Bedford, amefungwa tangu 1660 kwa kosa la kuhubiri bila ruhusa ya Kanisa letu. Alikuwa akitengeneza kamba za viatu ili familia yake ipate chakula. Alikaa humo kwa jumla kama miaka 12. Ndiye aliyekuja kuandika kile kitabu ambacho wengi wenu mmekisoma kwa Kiswahili kwa jina la Safari ya Msafiri. Kanisa moja, mwaka mmoja: huku limefungua mlango, kule limefunga.

Mwezi huo wa Agosti London ilikuwa ikimlilia mtungaji mwingine. Abraham Cowley, aliyehesabiwa na wengi kuwa malenga mkubwa wa zama zile, alifariki tarehe 28 Julai. Tarehe 3 Agosti akazikwa katika Westminster Abbey. Evelyn alikuwapo, naye asema magari ya farasi yaliyomsindikiza yalikaribia mia moja, ya wakuu, maaskofu na makasisi. Siku 17 baadaye jina la kitabu cha Milton liliandikwa katika daftari, bila gari hata moja. Leo hii wanaomsoma Cowley ni wachache sana, na Milton asomwa dunia nzima. Twasema hivyo si kwa kumdharau marehemu, bali kwa kuwakumbusha ninyi mnaofanya kazi isiyoonekana kwamba msongamano wa magari mazishini si kipimo.

Mabinti

Tungependa kukomea hapo, maana ni mahali pazuri pa kumalizia mahubiri. Lakini ukweli hauturuhusu. Kuna watu watatu ambao bado hatujawasikiliza.

Wachoraji wa baadaye walipenda kumchora Milton ameketi kitini akisema, na mabinti zake wamemzunguka wakiandika kwa furaha. Edward Phillips, binamu ya mabinti hao, atuambia habari nyingine. Anne, mkubwa, alisamehewa kazi kwa sababu ya ulemavu na shida ya kusema. Mary na Deborah walifundishwa kumsomea baba yao kwa lugha nyingi: Kiebrania, Kigiriki, Kilatini, Kiitaliano, Kihispania, Kifaransa. Walifundishwa kutamka kila neno sawasawa. Lakini hawakufundishwa maana yake. Fikirini jambo hilo! Msichana aketi saa nzima, na siku baada ya siku, akitamka maneno asiyoyaelewa hata moja, na baba akiyafurahia peke yake. Phillips mwenyewe asema ilikuwa ni jaribu la uvumilivu karibu lisilostahimilika. Mwishowe mabinti walinung'unika waziwazi, wakapelekwa kujifunza kazi za mikono kama kudarizi kwa nyuzi za dhahabu na fedha.

Uchungu ule ulikuwa mkubwa. Baada ya kifo cha Milton palikuwa na kesi juu ya urithi wake. Mtumishi wa nyumbani alishuhudia kwamba mzee alimweleza jinsi Mary alivyopokea habari za baba yake kuoa tena mwaka 1663. Alisema kuoa si habari, bali kama angesikia kwamba baba amekufa, hiyo ingekuwa habari. Mtumishi alisema pia kwamba watoto walikuwa wameuza baadhi ya vitabu vyake kwa siri. Vitabu vikauzwa na mikono iliyochoka kuvisoma.

Wapendwa, hatusemi haya ili kumwaibisha mtu aliyelala kaburini zaidi ya miaka 300. Twasema kwa sababu kosa lake ni letu. Kumtumia mtu kama macho si dhambi. Nabii Yeremia alimtumia Baruku. Mfalme Yehoyakimu alipoukata ule ukurasa kwa kisu na kuutupa motoni, Baruku aliketi tena akaandika upya yote kwa imla, na mengine yakaongezwa. Lakini someni vizuri sura ile: Baruku alijua anachokiandika. Yeye ndiye aliyetumwa kukisoma hekaluni mbele ya watu, na ndiye aliyejibu alipoulizwa na wakuu. Naye Paulo, alipoandika Waraka kwa Warumi, kalamu ilikuwa mkononi mwa Tertio, na Tertio hakuachwa gizani. Mwishoni mwa waraka alipewa nafasi ya kuwasalimu wasomaji kwa jina lake mwenyewe.

Katika mtaa mmoja tuliotumikia palikuwa na mwinjilisti mzee aliyepofuka. Mjukuu wake, mvulana wa darasa la sita, alimsomea Biblia kila jioni kabla ya chakula. Jioni moja tulikuwa wageni pale. Mtoto alisoma mbio kama anayefukuzwa, macho yake mlangoni, ambako wenzake walikuwa wakicheza mpira. Mzee akamsimamisha. "Mjukuu wangu, umesoma nini?" Mtoto akanyamaza. Sisi tulingoja akemewe. Mzee akasema, "Basi kosa ni langu. Umenipa macho yako, nami sijakupa kitu." Akamweleza sura ile polepole, akimuuliza maswali, mpaka mtoto akasahau mpira, na ugali ukapoa. Tulirudi nyumbani kimya. Tuliwakumbuka vijana wa ofisi ya mtaa ambao kwa miaka mingi tulikuwa tumewapa barua na taarifa za mikutano wazinakili, wala hatukuwaeleza hata siku moja kwa nini jambo fulani lilikatwa hivi au vile. Tulikuwa Milton mdogo, bila shairi lake.

Deborah aliishi muda mrefu, akafariki mwaka 1727. Katika uzee wake, akiwa maskini, wageni wasomi walikwenda kumwona kwa sababu ya jina la baba yake. Walishangaa kumsikia akitamka kwa moyo mistari ya mwanzo ya Homer na ya Ovid, kama alivyoisoma alipokuwa msichana. Walipomwonyesha picha ya baba yake alimtambua mara moja, akafurahi sana, na akazungumza habari zake kwa upendo. Zaidi ya miaka 50 maneno yale yalikaa ndani yake kama mbegu ghalani. Hakuna aliyempa shamba la kuzipanda.

Ndugu msikilizaji, kazi nyingi njema zimefanywa kwa macho na mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa juu ya jalada. Kama wewe ndiwe unayesaidiwa, mwite huyo anayekusaidia, umweleze maana ya kazi mnayoifanya pamoja. Na kama wewe ndiwe unayesoma, unayenakili, unayefagia ili mwingine ahubiri, jua kwamba Bwana amemjua Tertio kwa jina.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyewatumia waandikaji wengi ili Neno lako litufikie, utusamehe sisi tuliotumia macho ya wenzetu na kuwaacha gizani. Uwakumbuke vipofu, na wale wanaowasomea. Utufundishe kugawana si kazi tu, bali na maana yake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.